Kipenga cha Mechi ya Mwisho: Historia ya Kuwapima na Kuwateua Waamuzi wa Soka Tanzania

Historia ya uamuzi wa soka nchini Tanzania imejengwa kwa sehemu kubwa ndani ya eneo dogo la jiji la Dar es Salaam, ambalo mtu anaweza kulizunguka kwa miguu kabla jua halijawa kali. Makao makuu ya Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, yaani TFF, yako kwenye Uwanja wa Kumbukumbu ya Karume, Ilala, jirani na soko la Mchikichini ambako wauza mitumba hufungua marobota yao tangu alfajiri, na ukivuka kuelekea Kariakoo unalikuta jengo la klabu ya Simba katika Mtaa wa Msimbazi, kisha lile la Yanga katika makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Chombo kinachomteua mwamuzi, klabu mbili ambazo uteuzi huo huzihusu kuliko nyingine zote, na mashabiki wanaoujadili kutwa kwenye vijiwe vya kahawa, wote ni majirani. Ujirani huo umefanya suala la nani apewe kipenga katika mechi inayoamua ubingwa lisiwe la kiufundi peke yake, kwa kuwa kila jina linalotangazwa kutoka Karume hupimwa mtaani siku hiyohiyo, na mara nyingi mtaa huanza kwa kuuliza mwamuzi huyo ni wa timu gani.

Mechi za kuamua, kwa maana inayotumika hapa, ni zile ambazo matokeo yake hayawezi kufidiwa na mchezo wa wiki inayofuata. Katika nchi zinazomaliza msimu kwa mtoano, kama Marekani, mechi hizo zina majira yake maalumu baada ya ligi ya kawaida kwisha. Tanzania inazo kwa sura kadhaa: fainali ya Kombe la Shirikisho, mechi ya Ngao ya Jamii, mechi za mchujo, ambazo timu za mkiani mwa Ligi Kuu hukutana na timu za daraja la chini kugombea nafasi ya kubaki au kupanda, kama Kagera Sugar na Mwadui zilivyokutana na Pamba na Geita mwishoni mwa msimu wa 2018/19, na mechi za mizunguko ya mwisho ambazo bingwa bado hajajulikana. Juu ya zote hizo ipo Dabi ya Kariakoo, yaani pambano la Simba na Yanga, ambalo hata likichezwa katikati ya msimu huhesabiwa na watu wa Dar es Salaam kuwa ni fainali. Mechi ya namna hiyo huhitaji mwamuzi wa kati mwenye kipenga, waamuzi wasaidizi wawili wenye vibendera, mwamuzi wa akiba anayesimama kati ya mabenchi ya ufundi, kamishna anayesimamia taratibu zote za mchezo, na mtathmini, ambaye kazi yake ni kukaa jukwaani na kumpa kila mwamuzi alama.

Mwamuzi asiye wa upande wowote hakuwapo tangu mwanzo wa soka. Huko Uingereza kila timu ilikuja na msimamizi wake, na wawili hao walipokosa kukubaliana walimwendea mtu wa tatu aliyekaa nje ya uwanja, hadi mwaka 1891 sheria zilipombadilishia nafasi mtu huyo wa tatu, zikamwingiza uwanjani na kumpa mamlaka yote. Mchezo ulipoenea katika pwani ya Afrika Mashariki baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mamlaka hayo yalikuwa yamekwisha kukomaa, tena yalifika yakiwa yamefungamana na dola ya kikoloni, kwa kuwa vyama vya michezo vya Unguja na Dar es Salaam viliendeshwa kwa muda mrefu chini ya uongozi wa Wazungu. Chama cha mpira cha Tanganyika, kilichokuja kujulikana kama FAT, huhesabu mwaka 1930 kuwa mwaka wa kuzaliwa kwake. Yanga ilianzishwa 1935, na klabu iliyokuja kuitwa Sunderland, na kuanzia 1971 Simba, ilianzishwa 1936. Kwa hiyo vijana wa mitaa ya Kariakoo walijifunza mapema kwamba uamuzi wa refa haukatiwi rufaa uwanjani, lakini walijifunza vilevile kwamba anayemchagua refa ana nguvu kuliko refa mwenyewe, na funzo hilo la pili halijasahaulika.

Ligi ya taifa ilianza 1965, bingwa wake wa kwanza akiwa Sunderland, na miaka miwili baadaye sheria ya Bunge ikaunda Baraza la Michezo la Taifa, yaani BMT, lenye dhamana ya kusimamia vyama vyote vya michezo. Katika kipindi hicho hofu ya upendeleo haikutibiwa kwa kumpima mwamuzi, bali kwa kubadilisha mahali. Mfano unaokumbukwa kuliko yote ni pambano la tarehe 10 Agosti 1974, ambalo Simba na Yanga zilicheza kuamua ubingwa katika Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, mbali kabisa na Msimbazi na Jangwani, na Yanga ikashinda 2–1 baada ya muda wa nyongeza. Busara ya kuihamisha mechi ilikuwa wazi, kwani mwamuzi anayechezesha mbele ya umati usio wa upande mmoja hupumua, na uamuzi mgumu wa dakika za mwisho hautolewi chini ya kelele za mtaa mmoja. Hata hivyo, dawa hiyo ilitibu mazingira bila kumgusa mtu, kwa sababu haikusema lolote kuhusu ni nani, kati ya waamuzi waliochezesha mwaka mzima, aliyestahili kusimama katikati ya Nyamagana siku ile.

Dawa ya pili, inayoendelea hadi leo, ilikuwa ni kumtafuta mwamuzi kwa kigezo cha mkoa. Katika orodha za waamuzi zinazotangazwa nchini, jina la mwamuzi huandamana na jina la mkoa anakotoka, na msomaji wa Kariakoo husoma mkoa kabla ya kusoma jina. Mwamuzi wa Dar es Salaam hushukiwa kwa kuwa anaishi na mashabiki, huku yule wa Kagera, Manyara au Mara akidhaniwa kuwa huru zaidi, ingawa kila mkoa wa nchi hii una matawi ya klabu zote mbili na umbali wa kilomita elfu moja haujawahi kumzuia mtu kuwa shabiki. Kigezo cha mkoa kina faida ndogo ya kweli, kwa sababu humwondolea mwamuzi vishawishi vya jirani na ndugu, lakini kinapotangulizwa mbele ya sifa humnyima nafasi mtu aliyefanya kazi bora kwa kosa la kuzaliwa au kuhamia mjini.

Ndani ya utaratibu huohuo, hata hivyo, umepatikana uteuzi mmoja unaostahili kukumbukwa kwa heshima. Tarehe 20 Februari 2016 mwamuzi Jonesia Rukyaa wa Kagera alishika kipenga katika mechi ya Ligi Kuu ambayo Yanga iliifunga Simba 2–0. Kumpa mwanamke mechi ambayo wanaume wengi waliikimbia kulihitaji ujasiri wa kamati iliyomteua, na ujasiri huo haukuwa wa kubahatisha, kwa kuwa alikuwa amepita katika ngazi za waamuzi moja baada ya nyingine na kubeba beji ya FIFA, ambayo hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja na hupotea kwa anayeshindwa mitihani. Afrika Mashariki ilikuja kuliona jambo la namna hiyo tena, kwa ukubwa zaidi, Januari 2022, wakati Salima Mukansanga wa Rwanda alipokuwa mwanamke wa kwanza kuchezesha kama mwamuzi wa kati katika fainali za Mataifa ya Afrika za wanaume. Katika matukio yote mawili maswali ya mtaani yalipungua nguvu mbele ya rekodi iliyoonekana.

Mwaka uleule wa 2016 ulionyesha pia upande mwingine. Tarehe 1 Oktoba, Simba na Yanga zilitoka sare ya 1–1 katika Uwanja wa Taifa, ambao sasa unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, na bao la Yanga, ambalo upande wa Simba ulidai mfungaji aliugusa mpira kwa mkono, lilifuatwa na kadi nyekundu kwa nahodha wa Simba na kisha viti kung'olewa jukwaani. Miaka minne kabla, Machi 2012, mwamuzi wa mechi ya Yanga na Azam alikuwa ameshambuliwa na wachezaji uwanjani. Matukio kama hayo hupelekwa mbele ya chombo ambacho mashabiki hukiita Kamati ya Saa 72, yaani kamati ya uendeshaji na usimamizi wa ligi iliyo chini ya Bodi ya Ligi, ambayo hupitia ripoti za mechi na kuchukua hatua. Kwa msomaji wa kawaida wa magazeti ya michezo, hapa ndipo tathmini ya waamuzi inapoonekana: refa fulani kafungiwa, mwingine kaondolewa kwenye orodha kwa mizunguko kadhaa. Lakini kufungia ni adhabu, na adhabu huhesabu makosa makubwa yaliyopigiwa kelele. Haimtambui mwamuzi aliyechezesha mechi kumi na tano huko Sumbawanga, Songea na Musoma bila jina lake kutajwa redioni, ilhali kutotajwa huko, katika kazi ya uamuzi, mara nyingi ndiyo alama ya juu kabisa. Mfumo unaojua kuadhibu tu huishia kumteua katika fainali yule ambaye hajalalamikiwa na klabu kubwa, na kutolalamikiwa na klabu kubwa si sawasawa na kuchezesha kwa haki.

Tathmini kamili ina sehemu zake zinazojulikana. Ya kwanza ni utimamu wa mwili: mwamuzi wa kiume wa ngazi ya kimataifa hukimbia mbio fupi 6 za mita 40, kila moja isizidi sekunde 6, kisha hurudia mara 40 kukimbia mita 75 kwa sekunde 15 na kutembea mita 25 kwa sekunde 18, ambazo kwa jumla ni mizunguko 10 ya uwanja wa riadha. Ya pili ni mtihani wa sheria 17 za mchezo. Ya tatu, na ngumu kuliko zote, ni ripoti ya mtathmini, ambayo huangalia mwamuzi alisimama wapi tukio lilipotokea, alishirikiana vipi na wasaidizi wake, aliwatulizaje wachezaji, na kama uamuzi wake mzito, kwa mfano penalti au kadi nyekundu, ulikuwa sahihi. Mtathmini anayejua kazi yake hupima pia ugumu wa mechi, kwa sababu alama nzuri katika mchezo mwepesi wa mabao manne kwa bila haifanani na alama ileile katika mchezo wa sare wenye rabsha tatu na umati uliofurika.

Udhaifu wa sehemu hii ya tatu unajulikana na wote walio karibu na kazi. Mtathmini mara nyingi ni mwamuzi mstaafu, na waamuzi wa nchi moja ni jamii ndogo: wamepitia kozi pamoja, wamo katika chama kimoja, yaani FRAT, na anayepimwa leo huenda alikuwa mshika kibendera wa anayempima. Alama zenyewe hazijazoeleka kutangazwa. Matokeo yake ni kwamba hata uteuzi uliofanywa kwa uadilifu hauwezi kujitetea hadharani, kwa kuwa kamati inayotaka kuonyesha kwamba fulani ndiye bora wa msimu haina karatasi ya kuwaonyesha watu wa Msimbazi na Jangwani, na penye ukosefu wa karatasi maneno ya kijiweni hushika nafasi yake.

Wanaodhani kwamba tatizo hili ni la klabu kubwa pekee wanapaswa kuikumbuka siku ya mwisho ya Ligi Daraja la Kwanza, Kundi C, Februari 2016. Geita Gold na Polisi Tabora zilikuwa zikigombea nafasi moja ya kupanda Ligi Kuu, na katika mechi zilizochezwa siku moja Geita iliifunga JKT Kanembwa 8–0 huku Polisi Tabora ikiifunga JKT Oljoro 7–0. TFF ilichunguza, ikaziadhibu timu zote nne kwa kuzishusha daraja, adhabu zikawafikia pia waliosimamia mchezo, na nafasi ya kupanda ikaenda kwa Mbao ya Mwanza. Mechi hizo hazikurushwa kwa nchi nzima kama inavyorushwa dabi, hazikuwa na umati wa elfu sitini, na hazikuwa na wachambuzi wa redio waliopitia kila tukio. Kwa kipimo cha madhara, hata hivyo, zilikuwa mechi za kuamua kwa maana kamili ya neno hilo, kwani zilihusu ajira za wachezaji, mapato ya klabu na furaha ya mikoa mizima. Haki ya uteuzi wa waamuzi inapaswa kuanzia katika mechi za namna hii, ambazo kamera hazifiki, kabla ya kufika Uwanja wa Mkapa.

Kuna sifa moja ambayo hakuna saa ya mkononi wala karatasi ya alama inayoipima. Mwaka 2018 mwamuzi msaidizi kutoka Kenya, aliyekuwa amefaulu mitihani yote ya FIFA na kuteuliwa kwenda Kombe la Dunia huko Urusi, aliondolewa siku chache kabla ya mashindano baada ya uchunguzi wa kihabari uliofanywa kwa siri kumwonyesha akipokea fedha. Kiufundi uteuzi wake haukuwa na dosari. Tukio hilo lilizifundisha kamati za ukanda huu kwamba uadilifu hufuatiliwa kwa njia zake, zikiwamo kulipa posho kamili na kwa wakati, kwa sababu mwamuzi anayesafiri kwa basi siku nzima na kungojea malipo yake kwa miezi huwa ameachwa peke yake mbele ya mwenye bahasha.

Msimu wa 2024/25 uliyakusanya mambo yote haya mahali pamoja. Dabi iliyopangwa kuchezwa tarehe 8 Machi 2025 iliahirishwa siku ileile, baada ya Simba kutangaza kwamba haitacheza kwa kuwa ilizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Yanga ilipinga kuahirishwa huko hadi ikalifikisha shauri lake katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, yaani CAS, na mchezo ukasukumwa hadi tarehe 25 Juni, mwishoni kabisa mwa ligi, bingwa akiwa hajajulikana. Hivyo mechi ya kawaida ya mzunguko wa pili ikageuka fainali. Kwa mechi hiyo waliletwa waamuzi kutoka Misri wakiongozwa na Amin Omar, mwamuzi mwenye uzoefu mkubwa wa mashindano ya Afrika. Yanga ilishinda 2–0 na kutwaa ubingwa.

Uamuzi wa kuwaleta Wamisri ulieleweka, na pengine kwa siku ile haukuwa na mbadala, kwa kuwa imani ya pande zote ilikuwa imekwisha na mwamuzi yeyote wa nyumbani angeingia uwanjani akiwa ameshahukumiwa. Lakini ni muhimu kukumbuka yaliyokuwa yakitokea Misri kwenyewe. Tarehe 11 Machi 2025, siku tatu tu baada ya dabi ya Dar es Salaam kuahirishwa, klabu ya Al Ahly ya Cairo haikufika uwanjani kucheza na Zamalek, kwa sababu ilitaka waamuzi wa kigeni nayo ikapangiwa Mmisri. Waamuzi wa Misri, basi, waliaminiwa kuamua ubingwa wa Tanzania katika mwaka uleule ambao klabu kubwa kuliko zote nchini mwao ilikataa kuchezeshwa na mwenzao. Hilo halipunguzi uwezo wao hata kidogo. Linachoonyesha ni kwamba ugeni humpa mwamuzi imani ya mkopo, ambayo huisha mara anaporudi nyumbani, na kwamba nchi inayoagiza waamuzi kila inapofika fainali huwanyima waamuzi wake mechi zilezile ambazo zingewakomaza.

Wapo wanaotegemea teknolojia ya video, yaani VAR, kumaliza ubishi huu. Wakazi wa Jangwani wanalo la kusema hapa. Tarehe 5 Aprili 2024, katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika huko Pretoria, shuti la Stephane Aziz Ki wa Yanga liligonga mwamba na kudundia kwenye mstari wa goli la Mamelodi Sundowns, bao likakataliwa ingawa VAR ilikuwepo, na Yanga ikatolewa kwa mikwaju ya penalti. Picha husaidia, lakini lazima awepo mtu wa kuisoma, na mtu huyo naye huteuliwa.

Nchi nyingine zimejifunza kuuanza uteuzi wa mechi za mwisho tangu mechi ya kwanza. Katika ligi ya mpira wa Kimarekani, yaani NFL, kila mwamuzi hupewa alama kwa kila mchezo, na waliofanya vizuri zaidi katika nafasi zao ndio huingia hatua ya mtoano, hata kama kwa kufanya hivyo vikosi vilivyochezesha pamoja msimu mzima huvunjwa. Uingereza, kwa muda mrefu hadi mwaka 2020, ilikuwa na desturi ya kumpa mwamuzi fainali ya Kombe la FA mara moja tu maishani mwake, jambo lililoifanya fainali kuwa tuzo ya kazi ya miaka mingi na kuzuia mtu mmoja kuwa mwamuzi wa wakubwa. Kila utaratibu una kasoro zake: wa Marekani unaweza kutenganisha watu waliozoeana, na ule wa Uingereza uliweza kumwacha nje aliye bora kwa sababu tu alishapata zamu yake. Lakini taratibu zote mbili zimempa mwamuzi kijana kitu cha kulenga, kwa kuwa anajua mapema kinachohesabiwa.

Tanzania haihitaji kuiga hata mmoja kati ya taratibu hizo, kwa kuwa vyombo vinavyohitajika vimekwisha kuwapo Karume: Kamati ya Waamuzi, watathmini, makamishna, na rekodi za mechi zote zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Kinachotakiwa ni kwamba vigezo vya kuchezesha dabi, fainali na mechi za mchujo vichapishwe kabla ya msimu kuanza. Kwamba mtathmini asimpime mtu wa mkoa wake wala mwanafunzi wake. Kwamba wastani wa alama za kila mwamuzi utangazwe mwisho wa kila mzunguko. Na kwamba mwamuzi apewe nafasi ya kuijibu ripoti iliyomhusu kabla haijamfungia. Wanachama wa klabu zote, wanaokutana kila Jumamosi kati ya Mchikichini na Msimbazi, wana haki ya kuyadai hayo kwa TFF kwa sauti ileile wanayoitumia kudai penalti, na wayadai sasa, wakati orodha ya mechi ya mwisho bado haijapangwa.